Ukumbi Uliobeba Ligi

Ijumaa ya tarehe 13 Machi 2009, saa mbili na dakika 22 asubuhi kwa saa za Dar es Salaam, watu wakiwa wameshafika makazini, ndipo ilipokwisha mechi ya mpira wa kikapu iliyoanza kabla ya adhana ya alfajiri. Kule New York ilikuwa saa saba na ushee usiku. Ndani ya Madison Square Garden ubao ulisomeka Syracuse 127, Connecticut 117. Zilichezwa dakika 40 za kawaida, kisha dakika tano za nyongeza, kisha tano nyingine, na nyingine, mpaka zikafika awamu sita. Kati ya waliovaa jezi ya Connecticut usiku ule alikuwemo kijana wa Dar mwenye urefu wa mita mbili na sentimita ishirini na ushee, Hashim Thabit. Wamarekani humwandika Hasheem Thabeet, kana kwamba kimo chake kilidai irabu za ziada.

Hiyo haikuwa fainali. Ilikuwa robo fainali ya mashindano ya Big East, ligi ya vyuo vikuu vya kaskazini mashariki mwa Marekani. Tena haikuamua jambo lolote kubwa, maana timu zote mbili zilijulikana tayari kuwa zitakwenda kwenye mashindano ya taifa ya NCAA wiki iliyofuata. Waliofungwa, Connecticut, wakaenda huko wakafika nne bora. Washindi, Syracuse, wakaishia 16 bora. Ukiwauliza wapenzi wa kikapu leo nani alichukua kombe la Big East mwaka ule, wengi watakuna kichwa. Ilikuwa Louisville. Lakini mechi ya nyongeza sita kila mtu anaikumbuka.

Kwa nini basi mashindano yenye uzito mdogo hivi yakawa makubwa namna hii? Wapo wanaojibu kwa neno moja, televisheni, na hawajakosea. Ila televisheni ilizibeba ligi zote, na si zote zilizopata usiku kama ule. Kwa Big East jibu langu ni nyumba: ukumbi mmoja, katikati ya jiji moja, ambao tangu 1983 umekuwa ndio mashindano yenyewe.

Kwanza tuuelewe utaratibu, maana kwa aliyekulia na soka unachanganya. Vyuo vinavyocheza daraja la kwanza Marekani ni zaidi ya 300, vimegawanyika katika ligi zipatazo 30. Kila ligi hucheza msimu wake, nyumbani na ugenini, na mwisho wa msimu kuna aliyekaa kileleni. Huyo hupongezwa. Kisha mwanzoni mwa Machi timu hukusanywa ukumbi mmoja kwa siku nne au tano za mtoano, na bingwa wa mtoano huo ndiye anayekabidhiwa tiketi ya uhakika ya NCAA. Wengine wote, akiwemo yule wa kileleni, husubiri kamati iketi na kuchagua. Ni kama Yanga au Simba imalize ligi ikiwa ya kwanza, halafu iambiwe nafasi ya kwenda Afrika inagombaniwa upya wiki ijayo, pamoja na timu iliyoshika mkia.

Mchezo huu wa hatari haukubuniwa na Big East. Ligi ya Atlantic Coast, iliyozaliwa 1953, ilianza mtoano wake 1954 kule Raleigh, North Carolina, na kwa miaka ishirini mtoano huo ulikuwa na makali ya kweli kwa sababu kila ligi ilikuwa na nafasi moja tu ya taifa. Fainali ya 1974 ndiyo iliyoonyesha ukatili wake. North Carolina State iliifunga Maryland 103 kwa 100 baada ya muda wa nyongeza, katika mechi ambayo wazee wa mchezo bado wanaihesabu miongoni mwa bora kabisa zilizowahi kuchezwa na vyuo. Washindi wakaenda kutwaa ubingwa wa taifa. Maryland, moja ya timu bora nchini mwaka ule, ikarudi nyumbani. Mwaka uliofuata NCAA ikapanua mashindano hadi timu 32 na kuruhusu ligi moja kupeleka zaidi ya timu moja.

Mabadiliko hayo yaligeuza maana ya mtoano wa ligi. Zamani ligi nyingi ziliuogopa, kwa kuwa bingwa wako wa miezi miwili angeweza kuteleza usiku mmoja na ligi nzima ikawakilishwa na timu ya bahati. Mlango ulipopanuka, hofu ikapungua na hesabu ya fedha ikachukua nafasi yake. Mwenye nguvu hapotezi chochote, mnyonge anapata tumaini, na ligi inauza tiketi na matangazo. Ligi moja baada ya nyingine ikaingia. Big Ten, yenye vyuo vikubwa vya katikati ya nchi, iliringa hadi 1998. Ivy League, ya Harvard na wenzake, ilishikilia heshima yake mpaka 2017, kisha nayo ikaingia.

Big East ilizaliwa hasa wakati mlango huo unafunguka. Mwaka 1979 Dave Gavitt, kocha wa Providence aliyewahi kukifikisha chuo hicho kidogo nne bora mwaka 1973, aliviunganisha vyuo saba: Providence, St. John's, Georgetown, Syracuse, Seton Hall, Connecticut na Boston College. Vingi vilikuwa vyuo vya Kikatoliki vilivyokaa mijini. Baadhi havikuwa na timu kubwa ya soka la Kimarekani, mchezo unaoingiza fedha nyingi kuliko yote vyuoni. Kikapu hakihitaji uwanja wa watu 80,000. Kinahitaji vijana kumi na wawili na mpira. Gavitt aliona jambo ambalo wenzake hawakuliona: vyuo hivi, vidogo kimoja kimoja, vikihesabiwa pamoja vinakaa ndani ya masoko makubwa ya televisheni, New York, Boston, Washington, na Philadelphia baada ya Villanova kuingia 1980. Mwaka huohuo wa 1979, mwezi Septemba, kituo kipya cha michezo tupu kiitwacho ESPN kikaanza kurusha matangazo kutoka mji mdogo wa Bristol, jimboni Connecticut. Kituo kilikuwa na saa nyingi za kujaza na hakikuwa na mechi. Ligi ilikuwa na mechi na haikuwa na pa kuzionyesha. Walikutana njiani.

Mashindano yenyewe yalianza kwa kuhamahama. Mwaka 1980 yalikuwa Providence, na Georgetown ikaifunga Syracuse 87 kwa 81. Mwaka uliofuata yakahamia Syracuse, na wenyeji wakachukua kombe baada ya nyongeza tatu dhidi ya Villanova. Mwaka 1982 yakawa Hartford, Georgetown tena. Hizo zilikuwa fainali nzuri, lakini ukizisimulia leo zinasikika kama habari za mkoani. Mwaka 1983 Gavitt akayaingiza Madison Square Garden, juu ya kituo cha reli cha Penn Station, katikati ya Manhattan. Hayajatoka humo tena.

Kuhamia Garden kulifanya mambo mawili kwa mpigo. Waandishi wa New York, ambao wasingepanda basi kwenda Hartford, sasa walitembea kwa miguu kutoka ofisini kwao. Na mashabiki wa vyuo vyote walikuwa na mtu New York, shemeji, rafiki, mwajiri wa zamani, kwa hiyo safari ya Machi ikawa ada. Juu ya hayo, St. John's ya mtaa wa Queens ilicheza kama iko sebuleni kwake, na mwaka ule wa kwanza ikachukua kombe kwa kuifunga Boston College. Jiji likayapokea mashindano kama mtoto wake.

Kisha wakaja wachezaji. Patrick Ewing wa Georgetown, mzaliwa wa Jamaica. Chris Mullin wa St. John's, mtoto wa Brooklyn. Pearl Washington wa Syracuse, naye wa Brooklyn. Wakaja na makocha ambao televisheni isingeweza kuwabuni: John Thompson wa Georgetown, mtu wa miraba minne na taulo begani, ambaye mwaka 1984 alikuwa kocha wa kwanza mweusi kutwaa ubingwa wa taifa wa daraja la kwanza la kikapu cha vyuo, na Lou Carnesecca wa St. John's, mzee mfupi aliyevaa sweta ya kutisha macho kwa sababu timu yake haikufungwa kila alipoivaa. Februari 1985, ndani ya Garden, Thompson alitoka na koti, akalifungua, na ndani akawa amevaa fulana yenye nakshi zilezile za sweta ya mwenzake. Ukumbi ulicheka. Kisha Georgetown ikashinda.

Mwaka huohuo Georgetown iliifunga St. John's 92 kwa 80 katika fainali ya Big East. Wiki chache baadaye, timu tatu kati ya nne bora za taifa zilitoka Big East: Georgetown, St. John's na Villanova. Na bingwa wa taifa akawa Villanova, 66 kwa 64 dhidi ya Georgetown. Villanova haikuwa hata imefika fainali ya ligi yake. Ikumbuke hiyo, maana itajirudia. Mwaka 2016 Villanova ilipoteza fainali ya Big East kwa Seton Hall, 69 kwa 67, kisha ikatwaa taifa. Mwaka 2023 Connecticut ilitolewa nusu fainali na Marquette, kisha ikatwaa taifa. Anayetaka kutabiri bingwa wa Aprili kwa kutazama wa Machi anaweza kupoteza fedha zake.

Waafrika nao walipita Garden mapema. Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa aliyefika Georgetown mwaka 1987 akitaka kusomea udaktari, alikuwa kwenye kikosi kilichotwaa kombe la Big East 1989, na mwaka 1991 akapoteza fainali mbele ya Seton Hall. Chuoni alionekana mtu wa kujifunza. Kidole chake cha kukataza, kilichokuja kujulikana dunia nzima, kilikuwa bado hakijatoka.

Miaka ya tisini ninaipita haraka, ila siwezi kuiruka fainali ya 1996. Georgetown ya Allen Iverson ilikuwa mbele kwa pointi 11, zikiwa zimebaki dakika zisizofika tano. Connecticut haikuruhusu kikapu tena. Ilifunga pointi 12 za mwisho zote. Ile ya ushindi aliitupa Ray Allen akiwa hewani amepinda kama mtu anayeanguka kwenye ngazi, mpira ukagonga chuma, ukadunda, ukaingia. 75 kwa 74. Mtupaji huyu, ambaye baadaye alihesabiwa miongoni mwa wenye mkono safi kuliko wote waliopita NBA, alikuwa na usiku mbaya kabisa mpaka sekunde ile.

Baada ya hapo tamaa ikaingia nyumbani. Tangu 1991 ligi ilikuwa imeongeza upande wa soka la Kimarekani, ikawaleta wakubwa kama Miami, na tangu hapo kukawa na kambi mbili zisizoelewana: vyuo vya kikapu na vyuo vya soka. Miami, Virginia Tech na Boston College wakaondoka kwenda Atlantic Coast kati ya 2004 na 2005. Kuziba pengo, Big East ikawaita Louisville, Cincinnati, Marquette, DePaul na South Florida, na ghafla ikawa na timu 16. Huo ulikuwa mlo mkubwa kuliko sahani. Mwaka 2009 mtoano ukawa wa siku tano, timu zote 16 zikaingia, na nne za juu zikaruhusiwa kusubiri hadi robo fainali.

Ndiyo maana usiku ule wa Hashim ulitokea namna ile, na inafaa tuutazame kwa karibu. Sare ya 71, sekunde moja na nukta imebaki. Syracuse wanarusha mpira kutoka upande wao wa uwanja, unaguswa njiani, unamwangukia Eric Devendorf mbali na kikapu, anautupa, unaingia. Devendorf anapanda juu ya meza ya waandishi, mikono hewani, wenzake wanamfuata. Marefa wanakwenda kwenye skrini. Wanautazama mkanda mara moja, mara mbili. Mpira ulikuwa bado unagusa ncha za vidole taa nyekundu ilipowaka. Kikapu kinafutwa, Devendorf anashuka mezani, na mechi inaanza upya kwa saa mbili zaidi. Wachezaji wanane walitolewa kwa faulo tano. Katika nyongeza tano za mwanzo Syracuse haikuwahi kuongoza hata kwa pointi moja. Kila mara ilisawazisha tu, hadi nyongeza ya sita ilipofungua kwa pointi tatu na haikushikika tena. Jonny Flynn, mlinzi wao, alicheza dakika 67 kati ya 70. Usiku uliofuata akacheza tena, West Virginia wakafungwa, nayo ikaenda kwenye nyongeza.

Dakika 67 hizo Flynn hakulipwa senti. Wala Hashim, aliyekuwa mchezaji bora wa mwaka wa ligi kwa kugawana na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Walipata ada ya chuo, chakula na malazi. Tiketi za ukumbi, matangazo na haki za televisheni vilikwenda kwa ligi, kwa vyuo na kwa wenye ukumbi. Hashim alivuna baadaye kidogo, Juni ileile, alipochaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies na kuwa Mtanzania wa kwanza NBA, ingawa huko hakung'ara kama Garden. Wachezaji wa vyuo waliruhusiwa kuuza majina na sura zao mwaka 2021 tu. Kila nikirudia mkanda wa mechi ile nafurahia mchezo, halafu nawakumbuka wale vijana waliokaa sakafuni baada ya filimbi, wamenyoosha miguu, hawawezi kusimama.

Siku tano zilimfaa mtu mmoja kuliko wote. Machi 2011 Connecticut ilimaliza ligi ikiwa ya tisa, na ili itwae kombe ilibidi ishinde mechi tano ndani ya siku tano. Nahodha wao Kemba Walker alikuwa mtoto wa Bronx, safari ya treni tu kutoka Garden. Robo fainali dhidi ya Pittsburgh, 74 kwa 74, akakuta mbele yake jitu la watu, Gary McGhee, lililoachiwa kumkaba baada ya walinzi kubadilishana. Kemba akaingia kana kwamba anaelekea kikapuni, McGhee akarudi nyuma, Kemba akafunga breki na kuruka kinyumenyume. McGhee alikwenda chini. Mpira ulipopita wavuni saa ilikuwa imekwisha. Kwa siku tano alifunga pointi 130, na wiki tatu baadaye Connecticut ikawa bingwa wa taifa. Huyo ndiye hoja kubwa ya watetezi wa mashindano haya. Nami nakiri kwamba bila siku zile tano timu ile isingejijua.

Lakini nyumba ilikuwa inaungua. Septemba 2011 Syracuse, mmoja wa waasisi, pamoja na Pittsburgh, walitangaza kuhamia Atlantic Coast. Desemba 2012 vyuo saba vya Kikatoliki visivyo na soka kubwa vikasema navyo vinaondoka. Mgawanyo wa mali wa 2013 unafundisha kuliko hotuba zote za viongozi. Waliobaki, wa upande wa soka, walichukua sehemu kubwa ya akiba, zikiwemo ada walizolipa waliohama. Wakatoliki saba waliomba jina la Big East na mtoano wa Garden. Wengine walichukua sanduku la fedha, hawa wakachukua ufunguo wa ukumbi. Wakaongeza Butler, Creighton na Xavier, wakauza matangazo kwa Fox kwa miaka 12 kwa takriban dola milioni 500, na Machi 2014 wakarudi palepale kama hakuna kilichotokea. Waliobaki walibadili jina la ligi na mtoano wao ukaanza kutangatanga mijini. Connecticut, iliyoachwa upande ule, ilivumilia miaka saba, ikarejea 2020.

Nasikia hoja kwamba Big East ya sasa ni kivuli, kwamba bila Syracuse na Georgetown yenye nguvu hakuna kitu. Idadi ya vikombe vya taifa inakataa: Villanova 2016 na 2018, Connecticut 2023 na 2024. Ila iko hoja nyingine yenye uzito zaidi, kwamba Creighton iko Omaha, Nebraska, safari ndefu ya ndege kutoka Manhattan, na neno "mashariki" limeanza kuwa mzaha. Sawa. Omaha wenyewe hawajalalamika. Kila Machi wanajaza ndege.

Tarehe 12 Machi 2020, Creighton na St. John's walicheza nusu ya kwanza ndani ya Garden karibu tupu, St. John's mbele 38 kwa 35. Wakaenda mapumziko na hawakurudi. Korona ilifuta vilivyobaki. Mwaka uliofuata walirudi, bado bila umati, na Georgetown ikaja ikiwa ya nane, ikiwa imetabiriwa kushika mkia kabla ya msimu. Kocha wake alikuwa Patrick Ewing. Jezi yake namba 33 imetundikwa darini mwa Garden, kwa miaka yake mingi na New York Knicks. Siku zile za mashindano alilalamika hadharani kwamba walinzi wa ukumbi walikuwa wakimsimamisha na kumwomba kitambulisho.

Mechi nne, siku nne. Georgetown iliitoa Marquette, ikaitoa Villanova kwa pointi moja, ikaitoa Seton Hall, na katika fainali ikaifunga Creighton 73 kwa 48. Ewing, aliyelichukua kombe lile kama mchezaji mwaka 1982, 1984 na 1985, alilishika tena akiwa na mvi. Wiki moja baadaye Colorado iliwatoa kwenye mechi ya kwanza ya taifa. Msimu uliofuata Georgetown ilicheza mechi 19 za ligi na kufungwa zote.